Washa Kamera, Tukusikie

Tasnifu yako iko wapi saa hizi? Kama wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo chochote kuanzia Dodoma hadi Eldoret, acha nikisie. Nakala moja iko kwa msimamizi, nyingine imejaladiwa na kukabidhiwa idara, na ya tatu imo kwenye flashi inayoning'inia pamoja na funguo za chumba. Walioisoma yote hawafiki watano, na mmoja wao ni yule dada wa steshenari aliyekupangia kurasa. Mwaka mzima wa kuhangaika na hojaji, bumu lililoishia kwenye nauli za kwenda kukusanya data, usiku wa kuchambua majedwali huku wenzako wakitazama mpira, halafu basi? Ikae rafuni ipigwe vumbi, na wewe ushike bahasha ya khaki uanze kuzunguka na vyeti?

Hapana. Kuna kongamano la wanafunzi linaandaliwa mahali fulani kwa njia ya mtandao, na baada ya hilo litakuja jingine, na jina lako halimo kwenye ratiba kwa sababu moja tu: hukuomba.

Najua makongamano ya mtandaoni yana sifa mbaya. Watu wanayaona kama harusi uliyoihudhuria kwa kutuma mchango: umetoa chako, umehesabiwa, lakini pilau hukuila. Hakuna mapumziko ya chai, hakuna mkoba wenye nembo, hakuna picha ya pamoja kwenye ngazi za ukumbi. Sawa. Lakini tuulizane, ule ukumbi wa kweli nani aliweza kuufikia?

Mwaka 2018 mkutano mkubwa wa watafiti wa akili mnemba ulifanyika Montreal, na Waafrika wengi waliotaka kwenda kuonyesha kazi zao walinyimwa viza ya Canada. Hoja walikuwa nazo, muhuri hawakuupata. Jambo lile lilizua kelele, na mkutano mwingine wa fani hiyohiyo, unaojulikana kwa kifupi kama ICLR, ukapangwa kufanyika Addis Ababa Aprili 2020, ili angalau safari hiyo Mwafrika asiwe yeye wa kuomba ruhusa. Ikaja korona. Ukumbi wa Addis Ababa ukafutwa, mkutano wote ukahamia mtandaoni, na waliohudhuria wakawa zaidi ya maradufu ya mwaka uliotangulia. Kijana aliyeko Morogoro au Kisumu aliweza kuisikiliza mada ileile, dakika ileile, pamoja na mwenzake wa Stanford, bila kupanga foleni ubalozini. Mei 2023 mkutano huo hatimaye ulikanyaga ardhi ya Afrika, mjini Kigali, na ilikuwa shangwe. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa miaka mitatu kabla, kwenye skrini.

Na hiyo intaneti yenyewe tusiichukulie poa. Mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilifika pwani yetu mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua, na kuongea kwa video na mtu wa ughaibuni ilikuwa anasa ya wachache. Mei 2024 mikongo miwili ilipokatika baharini, Tanzania na majirani zake zikapata habari yake siku hiyohiyo. Wewe umekua na kitu ambacho kaka na dada zako waliomaliza chuo mwaka 2005 hawakukiota. Kukitumia kwa vichekesho peke yake ni halali yako, sikukatazi, ila ni hasara.

Sasa utaniambia, "Kazi yangu ni ndogo, ya shahada ya kwanza tu." Sikiliza habari za Erasto Mpemba, hata kama unadhani unazijua.

Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaona akisubiri yapoe ataikosa, akayaingiza yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa bila hata kuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. 

Baadaye akaingia Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Alipong'ang'ania, mwalimu wa huko akamtania: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Siku moja shule ikapata mgeni, Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba akasimama na kuuliza lilelile. Wenzake wakamcheka. Mgeni akarudi Dar es Salaam na kuagiza jaribio lifanywe maabara. Fundi wa maabara akaleta taarifa kwamba kweli, maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, na kwa nia njema kabisa akaahidi kulirudia jaribio hadi apate jibu sahihi! Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education. Waandishi wawili, na jina la kwanza ni la Mpemba.

Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, na wapo walioandika kwamba halipo kabisa. Na wabishane, ndiyo kazi yao. Mimi natazama kilichomfikisha kijana yule kwenye ukurasa ule. Hakuwa na maabara, hakuwa na shahada, hata ufafanuzi wa alichokiona hakuwa nao. Alikuwa amekiona kwa macho yake, na alikisema tena mbele ya watu baada ya kuchekwa. Wewe una sura tano, majedwali yenye namba, kibali cha utafiti na saini ya msimamizi. Unamwogopa nani?

Na wewe wa fasihi, wa filamu, wa muziki, wa picha, usijifiche nyuma ya watu wa maabara ukisema makongamano ni yao. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikusanyika Makerere, Kampala. Alikuwepo Chinua Achebe, alikuwepo Wole Soyinka, alikuwepo Ezekiel Mphahlele, na kutoka Marekani alikuja Langston Hughes. Katikati yao alikaa mwanafunzi wa hapohapo Makerere, James Ngugi, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe kilichomwingiza ni hadithi fupi mbili tu zilizokwisha kuchapishwa. Mbili! Angeweza kukaa kiti cha nyuma, akapiga makofi pale wanapopiga wengine, akarudi bwenini na simulizi za kuwaona wakubwa. Yeye alimfuata Achebe akamwomba asome mswada wake. Achebe akausoma, na mwaka 1964 Heinemann wakaitoa Weep Not, Child. Mwanafunzi yule ndiye dunia ilikuja kumjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o.

Kikao kile kina upande wa pili, na huo ndio unaoniuma. Kilikuwa kikao cha waandishi wa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mashairi, insha na riwaya kwa miongo kadhaa, hakuwa na sifa ya kualikwa, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Alifariki mwezi huohuo wa Juni. Ngũgĩ aliirudia habari hiyo miaka mingi baadaye, akishangaa jinsi mwanafunzi wa hadithi mbili alivyopita mlango ambao gwiji wa lugha yetu alifungiwa.

Kwa hiyo ukisikia kuna kongamano la mtandaoni linalopokea mada kwa Kiswahili, usilipite kama tangazo la mnada. CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ni cha wanafunzi wenyewe. CHAUKIDU kinawakutanisha wapenzi wa lugha hii kutoka pande zote za dunia. Unaweza kuzungumzia taswira katika taarabu ukiwa Mbeya, na wakakusikiliza mtu wa Bujumbura, mtu wa Muscat na mtu wa Bayreuth, wote wakikuelewa bila mkalimani. Na pale ambapo lugha ya kikao ni Kiingereza, nenda na Kiingereza chako hichohicho chenye lafudhi ya Usukumani au Ukambani. Wajapani wanawasilisha na lafudhi yao, Wafaransa na yao, na hakuna anayeomba radhi.

Fikiria kazi zilizolala kwenye mafaili yetu. Kuna binti aliyekaa Paje akipima joto la maji katika mashamba ya mwani na kuzungumza na kina mama wanaolima, ambao wanalalamika kwamba mwani unaoza kabla ya kukomaa. Mtu anayeweza kumsaidia kulielewa tatizo lile huenda hayupo Unguja wala Dar es Salaam. Huenda yuko Ufilipino au Indonesia, ambako mwani wa aina hiyohiyo unalimwa kwa wingi na magonjwa yake yanajulikana. Ana njia gani ya kukutana naye? Nauli ya Manila hana. Dakika kumi kwenye kongamano la wanafunzi wa sayansi za bahari anazo, akizitaka. Kijana wa Sokoine anayetafiti sumukuvu kwenye mahindi yuko hivyohivyo, na yule wa Nairobi anayerekodi jinsi Sheng inavyobadilika kutoka mtaa hadi mtaa.

Haya, umekubali. Umetuma ikisiri, wamekupokea, umepewa dakika zako. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu, na hapa nitakaa kidogo.

Kosa kubwa ni kusoma. Mtu anafungua slaidi iliyojaa aya nzima kutoka sura ya nne, anazima kamera, anaanza kusoma kwa sauti moja kama anayetangaza vifo redioni. Ukumbini angalau watu wangeona aibu kuondoka. Mtandaoni hawaoni aibu yoyote. Wanafungua dirisha jingine, wanajibu meseji, wanakaanga mayai. Huna mlango wa kuwafungia ndani. Una sauti yako tu, na sura yako kama mtandao utaruhusu.

Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha mwaka 2008 shindano ambalo limesambaa katika vyuo vingi duniani. Mtafiti wa shahada za juu anaeleza tasnifu yake yote kwa dakika 3, akiwa na slaidi moja isiyo na mbwembwe. Wazo lenyewe lilitokana na ukame: watu wa kule walihimizwa kuoga haraka ili kubana maji, na wengi waliweka bafuni kisaa cha mchanga cha dakika 3. Mkuu mmoja wa masomo ya uzamili akaona kipimo hicho kinawafaa pia watafiti wenye maneno mengi. Nami nakushauri ukifanyie kazi hata kama kongamano lako limekupa dakika 15. Keti na mtu asiyejua fani yako, shangazi yako au konda unayekaa naye nyumba moja, umweleze kwa dakika 3 ulichokitafuta, ulivyokitafuta na ulichokiona. Akisema "ahaa," una wasilisho. Akisema "hongera, mwanangu," bado hujaeleweka. Rudia.

Anza na kitu chenyewe. Usianze na historia ya dhana tangu Aristotle, wala na shukrani za dakika mbili kwa itifaki iliyozingatiwa. Sema: "Katika kijiji nilichofanyia utafiti, wakulima wanahifadhi mahindi hivi, na nilipoyapima nilikuta hivi." Mtu aliyekuwa anakaanga mayai atazima jiko. Slaidi zako zifanye za herufi kubwa, maana wengi wanakutazama kwenye simu, na jedwali lenye safu kumi na mbili kwenye simu ni vumbi tu. Namba moja iliyo muhimu iweke peke yake katikati.

Wewe wa sanaa una mtihani wako. Shairi lisome, usilichambue tu. Filamu fupi ikate kipande cha dakika moja kinachosimama chenyewe. Muziki unahitaji uangalizi zaidi, kwa sababu programu nyingi za mikutano zimetengenezwa kusafisha sauti ya mtu anayeongea, na ngoma yako zitaidhania kelele za jirani zikaifuta. Tafuta mapema kwenye mipangilio pale panaporuhusu sauti halisi ipite, ujaribu na rafiki aliye upande wa pili. Nimewahi kusikia marimba ikifika kwa wasikilizaji kama mtu anayegongagonga sahani chini ya maji. Mpigaji alikuwa fundi kweli.

Kuhusu umeme na mtandao sina mahubiri marefu. Jirekodi siku mbili kabla, mtumie mwenyekiti wa kikao hiyo video, umwambie kabisa kwamba ukipotea hewani aicheze. Chaji kompyuta, chaji simu, weka bando kwenye laini mbili za mitandao tofauti. Kama intaneti ni dhaifu, washa kamera unapojitambulisha watu wakuone, kisha izime uokoe sauti. Jogoo akiwika, endelea. Kila mtu duniani ana jogoo wake.

Saa ndiyo ya kuangalia kwa makini. Ratiba ikisema saa 3 asubuhi ya New York, kwetu hiyo ni saa 10 jioni wakati wa kiangazi chao, na ni saa 11 jioni wakati wa baridi, kwa sababu wao wanasogeza saa zao Machi na Novemba na sisi hatusogezi. Wapo waliofika kwenye kikao chao wakakuta mwenyekiti anaaga.

Halafu yanakuja maswali, na hapo ndipo utamu ulipo. Tumelelewa kwamba mdogo hambishii mkubwa, na malezi hayo ni mazuri kwenye msiba na kwenye mahari. Kwenye kipindi cha maswali, profesa akikuuliza kwa nini ulichagua sampuli ya watu arobaini, hajakutukana na hajakufelisha. Amekuheshimu. Amesikiliza mpaka akapata la kuuliza. Mwamkie kwa adabu zako zote, mwite Profesa, kisha umjibu kwa msimamo wa mtu aliyekwenda uwandani mwenyewe: "Ahsante Profesa. Arobaini ndio walionikubalia katika kata ile, na matokeo yangu siyapeleki nje ya kata ile." Kama hujui, sema hujui na umwombe akuelekeze pa kusoma. Jibu hilo limewapatia watu wasimamizi wa shahada za uzamili kuliko majibu ya kubahatisha. Akikupinga, mpinge kwa data. Wewe ndiye uliyekaa kule kijijini, yeye hakuwepo.

Kisha ufanye alichokifanya yule mwanafunzi wa Makerere: fuatilia. Mtandaoni ni rahisi zaidi, kwa kuwa jina la aliyekuuliza swali zuri liko palepale kwenye skrini. Liandike. Mwandikie siku ya pili barua pepe ya mistari sita, umshukuru kwa swali, umwambatishie ukurasa mmoja wa kazi yako, umuulize jambo moja mahususi. Wengine hawatajibu. Hawakudai, nawe huwadai.

Tahadhari moja, maana mjini kuna matapeli wa kila aina na hawa wa makongamano nao wapo. Ukiona mwaliko unaokuita "mtafiti mashuhuri" wakati hata mahafali hujafika, unakuahidi uchapishaji ndani ya wiki moja na unakudai dola mia tatu kabla ya mtu yeyote kusoma ikisiri yako, futa. Kongamano la kweli lina watu wenye majina na vyuo vinavyoweza kupigiwa simu, na ada ya mwanafunzi, kama ipo, haimfanyi mtu auze simu yake. Mwonyeshe msimamizi wako kabla ya kutoa hata senti.

Basi anza leo. Ikisiri nyingi hazizidi maneno 250, yaani pungufu ya ukurasa mmoja, na tayari una kurasa sitini za kuchota. Sentensi mbili za tatizo, mbili za jinsi ulivyofanya, tatu za ulichokikuta, moja ya kwa nini mtu wa mbali ajali. Mpelekee msimamizi keshokutwa, na akichelewa kukujibu mkumbushe kwa upole, ana wanafunzi wengine ishirini. Mwisho wa kupokea ukiwa Ijumaa, wewe tuma Jumatano mchana, maana Ijumaa usiku kila mtu atakuwa anatuma, na umeme hauna adabu.